Sabufa Haina Kosa

Wazee wenzangu wamempata mchawi mpya. Kila tunapokaa barazani, ikapita daladala au gari dogo la kijana linalotikisa vioo vya madirisha yetu, hukumu hutolewa kabla vumbi halijatua: sabufa zipigwe marufuku, maspika yang'olewe, askari wa usalama barabarani wakamate. Upande wa pili wako vijana wasemao kwamba muziki bila besi ni chai bila sukari, na asiyetaka atembee kwa miguu. Nimeyasikiliza makundi yote mawili kwa miaka kadhaa, nami nasema bila kumung'unya maneno kwamba yote mawili yamepotoka, tena yamepotokea mahali pale pale. Yote yanaamini kwamba sabufa ni chombo cha kelele. Hawa wanaichukia kwa sababu hiyo, na wale wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, sabufa ni spika kama spika nyingine, ila imetengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kutoa zile sauti za chini ambazo spika ndogo za milangoni haziziwezi. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Jambo hili nililifundisha miaka mingi kwa rula iliyobanwa kwenye ukingo wa dawati: ukiacha sehemu ndefu nje hutikisika polepole na sauti huwa nzito, ukiacha fupi hutikisika upesi na sauti huwa nyembamba. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Spika ya redio ndogo ya betri, yenye ukubwa wa kisahani cha chai, haiwezi kuitoa sauti hiyo hata ukiibembeleza.

Basi nawauliza wazee wenzangu. Zile nyimbo za Morogoro Jazz na NUTA Jazz tulizozisikiliza Radio Tanzania tukiwa vijana, mpiga besi wake alikuwa wapi? Tulilisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe likilia, tulizisikia tarumbeta, lakini besi wengi wetu tuliisikia ukumbini tu. Redioni sikio lenyewe liliibuni kwa kukisia. Sabufa iliyowekwa sawasawa inamrudisha yule mtu kwenye kiti chake, pale nyuma ya mwimbaji, anapostahili kukaa. Hilo si jambo la kubezwa, na anayetaka kumng'oa tena kwa sababu ya watoto wasiojua kupima anatupa mtoto wa watu pamoja na utundu wa wenziwe.

Nimesema "iliyowekwa sawasawa", na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, nao ni ugomvi na mafundi.

Mjukuu wangu alifunga sabufa katika gari lake dogo. Fundi, ambaye sitamtaja yeye wala duka lake, alilichukua gari siku mbili, akalirudisha na kasha kubwa ndani ya buti, amplifaya inayong'aa, na waya uliopitishwa hadi kwenye dashibodi, ambako mwishoni pana kitufe cha kuzungusha. Hicho ndicho kidhibiti cha besi. Dereva anakizungusha kwa vidole viwili bila kushuka garini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeipimaje kazi hii?"

"Tunapima kwa kifua, mwalimu. Ikigonga hapa," akajipiga kidari, "imekubali."

"Na hii alama ya geini kwenye amplifaya, kwa nini umeizungusha hadi mwisho?"

"Ili itoe nguvu yote."

Jibu hilo, ndugu msomaji, utalipata katika karakana kumi kati ya kumi na mbili, na ni jibu la uongo. Geini haikuwekwa pale kwa ajili ya kupandisha sauti. Kazi yake ni kuzilinganisha redio na amplifaya, kwa sababu redio za magari hazitoi umeme wa ishara ulio sawa: moja hutoa volti 2, nyingine 4. Tazama maandishi yaliyo pembeni ya geini yenyewe. Aghalabu upande mmoja pameandikwa volti 6 na upande wa pili 0.2. Huo upande wa 0.2 ni kwa redio iliyo dhaifu kabisa. Sasa redio ya kijana inatoa volti 4, na fundi ameiambia amplifaya itegemee 0.2. Ni sawa na kumwekea mtu kipimo cha kibaba kisha ukammiminia magunia. Amplifaya inajaa mapema mno, na kitakachozidi hapo hakina pa kwenda. Wimbi la sauti, ambalo lilipaswa kuwa na kilele cha mviringo, linakatwa kichwa. Spika inapokea wimbi hilo lililokatwa, koili yake inapata moto, na siku moja ndani ya gari kunanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Hapo mteja huambiwa kwamba spika ilikuwa feki, na anauziwa nyingine.

Kisha kuna kile kitufe cha dashibodi. Fundi wetu hakumwambia mjukuu kwamba vitufe hivyo ni vya namna mbili, na sidhani kama mwenyewe alijua. Kimoja hushusha na kurudisha kiwango cha besi yote, hakiongezi kitu juu ya kile kilichopimwa. Cha pili huongeza nguvu katika sauti chache za chini, kwa kawaida zilizo karibu na hezi 45. Kwa macho vinafanana kama pacha. Lakini huyu wa pili akiongeza desibeli 12, anaitaka amplifaya itoe umeme mara 16 katika sauti hizo. Wati 20 zinageuka 320. Kijana amezungusha vidole viwili tu, huku akila karanga, na amplifaya ya wati 300 imekwisha kufika ukomo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu, maana kama ingekuwa ni spika za vijana kuungua tu, ningewaachia vijana na mifuko yao.

Sauti za chini zikizidi huzifunika zile za juu yake. Ndivyo sikio lilivyoumbwa, na kinyume chake hakitokei kwa kiasi hicho. Besi ikipita kadiri, maneno ya wimbo yanazama. Dereva anataka kusikia maneno, kwa hiyo anapandisha sauti ya redio nzima. Zile spika ndogo za juu, ambazo hazikuwa na kosa lolote, sasa zinapiga kelele kali ya kuchoma masikio. Besi nayo imepanda pamoja nazo, kwa kuwa zote zinatoka kwenye redio moja, na maneno yamezama tena. Anapandisha tena. Wazee barazani husikia mdundo peke yake, kwa sababu ndio unaopenya kuta. Yaliyomo ndani ya gari hawayajui.

Aliyemo ndani ni konda anayening'inia mlangoni tangu alfajiri hadi usiku. Na mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo na kwa hiyo husukumiwa nyuma kabisa, ambako mara nyingi ndiko kasha la sabufa lilikofichwa chini ya kiti. Dereva aliyeko mbele anapima kwa sikio lake mwenyewe, mbali na kasha. Mtoto ameegemea kasha lenyewe.

Wataalamu wa afya kazini wa NIOSH huko Marekani wameweka kipimo kilicho rahisi kukumbukwa: desibeli 85, saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Foleni ya asubuhi ya Dar es Salaam huielewi kwa robo saa. Tena mizani ya desibeli inayotumika hapo huipunguzia besi uzito, kwa hiyo gari linalotikisa mbavu laweza kusomeka dogo kwenye kipimo kuliko lilivyo kifuani.

Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa, kwa binadamu havioti tena. Na havianzi kufa vile vya besi. Hutangulia vya sauti nyembamba, na humo ndimo zinamokaa herufi kama s, sh, f na th. Mwalimu anasema "thamani", mtoto anaandika "samani". Mwalimu anasema "shika", mtoto anasikia "fika". Anaitwa mzembe, anapigiwa kelele, na kelele ndiyo iliyomharibu. Nimekaa mbele ya madarasa maisha yangu yote. Najua jinsi mtoto asiyesikia vizuri anavyogeuzwa mjinga kwa muhula mmoja.

Watanijibu kwamba besi ndiyo biashara, kwamba abiria hupenda gari lenye muziki. Napenda kuliona kundi hilo la abiria. Ninalolifahamu mimi ni la watu waliochoka wanaompigia konda kelele "Shusha!" mara tatu kabla hajasikia, wakapitilizwa kituo. Wapo pia watakaonijibu kwamba sheria ipo, na kweli ipo: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zilitungwa kanuni za kelele na mitetemo mwaka 2015. Lakini askari ana masikio yale yale mawili, na dereva akimwona kwa mbali anakizungusha kitufe kushoto. Gari linapita kimya kama msafara wa maiti. Mita mia mbili mbele kitufe kinarudi kulia.

Ndiyo maana nasema dawa iko mikononi mwa fundi, siku ile ile anapofunga, na ninamdai aifanye kazi yake yote. Waya mkubwa wa umeme uwe na fyuzi karibu na betri. Hilo sitalirefusha, anayelipuuza ataunguza gari. Kisha azime manjonjo yote ya redio, kuongeza besi, kuongeza huku na kule, vyote viwe sifuri. Kichujio cha sabufa akiweke karibu na hezi 80, ili kasha lisijitie kuimba maneno ambayo si yake, na spika za milangoni azizuie zisihangaike chini ya hapo. Kitufe cha dashibodi, kikiwa cha ile namna ya kwanza, akizungushe hadi juu kabisa wakati wa kupima. Wengi hupima kikiwa katikati, na hapo ndipo wanapompa dereva njia ya kuvuka mpaka. Kikipimwa kikiwa juu, baadaye dereva hana mwelekeo mwingine ila kushusha. Kikiwa cha ile namna ya pili, akirudishe sifuri na asikiunganishe kabisa.

Halafu geini iwe chini kabisa, sauti ya redio robo tatu, na geini ipandishwe polepole. Asiyeamini sikio lake achukue mita. Hesabu yake ni ya kidato cha pili: zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Amplifaya ya wati 300 na spika ya omu 4 inazaa 1,200, na kipeuo chake ni volti 34.6. Apige sauti moja ya majaribio ya hezi 50, mita ikisoma hapo asimame. Vijana hawa walijibu maswali magumu zaidi katika mtihani, wakafaulu, wakakiacha kipeuo cha pili ndani ya chumba cha mtihani kama mwavuli uliosahauliwa.

Na kabla ya kumuuzia mtu kasha la pili kwa madai kwamba besi ni hafifu, ajaribu swichi ya fezi, ile yenye 0 na 180. Sabufa na spika za mbele zikisukuma hewa kinyume, zinauana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu akiwa nje na yule ndani. Swichi inageuzwa bure. Akae kitini, aisikilize pande zote mbili, aache ule wenye besi iliyo nene. Tena akumbuke kwamba gari dogo ni chumba kidogo. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, halipati nafasi ya kujinyoosha humo, hivyo gari lenyewe hukuza besi bila kuombwa. Kilichopendeza rafuni dukani huzidi ndani ya gari.

Ikiwa ni daladala, fundi asikae kiti cha dereva. Aende akakae kiti cha nyuma kabisa, mahali pa mwanafunzi, aweke wimbo anaoujua kwa moyo, asikilize kama maneno yote yanafika. Yasipofika ashushe geini, asipandishe redio. Yakifika, achukue kijiti na rangi nyeupe ya kucha, aweke nukta kwenye geini na nukta nyingine kwenye redio, amwite mwenye gari na dereva, awaonyeshe nukta hizo, kisha ndipo alipwe.