Majina ya polisi wa akiba yasomwe barazani



Nina dukuduku kuhusu polisi wa akiba, hawa tunaowaita NPR. Huku kwetu Baringo wao ndio ulinzi wa kwanza, na mara nyingi ndio wa pekee. Mifugo ikiswagwa alfajiri, gari la polisi huja jua likiwa utosini. Anayefuata nyayo bondeni ni NPR, kwa miguu, akiwa na risasi za kuhesabu.

Kwa hivyo siandiki kuwapinga. Linalonikera ni namna wanavyopatikana. Polisi wa kawaida huajiriwa mchana kweupe: tangazo hutolewa, vijana hukimbizwa uwanjani mbele ya wazazi wao, vyeti hukaguliwa, na wanaofaulu hupelekwa chuoni kwa miezi kadhaa. NPR hupewa bunduki baada ya mazungumzo ya watu wachache ofisini. Mara ya mwisho katika lokesheni yetu, orodha ilitoka ikiwa imeshakamilika. Baraza halikuitwa. Wazee walipouliza, waliambiwa mambo ya usalama hayajadiliwi hadharani. Koo mbili hazikupata hata mtu mmoja, ilhali kijana ambaye kila mzee anajua alivyokuwa akishiriki wizi wa mifugo alirudi nyumbani na bunduki ya serikali aina ya G3 begani.

Kifungu cha 110 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinasema kikosi hiki ni cha wakazi wa Kenya wenye zaidi ya miaka 18, waliojitolea na kuteuliwa. Kisha kinawabebesha kazi nzito: kudumisha amani, kulinda maisha na mali, kuzuia uhalifu, kukamata wahalifu. Hizo ni kazi za polisi kamili. Basi anayezifanya apimwe kama polisi kamili, na sisi tunaoishi chini ya bunduki yake tujue mamlaka yake yanakomea wapi. Je, anaruhusiwa kunikamata sokoni kwa sababu ya ugomvi wa shamba? Akinikamata, Ibara ya 49 ya Katiba inanipa haki ya kuambiwa kosa langu papo hapo na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Jedwali la Sita la sheria hiyo ya polisi linataka risasi ikimuua au kumjeruhi mtu vibaya, IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, ijulishwe. Nimewauliza NPR ninaowafahamu kuhusu jedwali hilo. Hakuna aliyewahi kulisikia, na siwalaumu, maana hakuna aliyewafundisha.

Mamlaka yasiyo na mipaka si hatari ngeni: wakazi wa Nairobi wa umri wangu wanamkumbuka Patrick Shaw, aliyefanya kazi katika shule ya Starehe mchana na usiku akawinda majambazi. Naye alikuwa polisi wa akiba. Wapo waliompenda na wapo waliomwogopa, lakini wote walijua kwamba mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kuamua nani afe.

Katika bonde letu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu jamii zinazopakana zinaibiana mifugo na kuuana. Bunduki za serikali zikielemea upande mmoja, upande wa pili hauoni polisi, unaona adui mwenye kibali. Uteuzi wa siri ndio unaozaa chuki hiyo. Mwaka 2019 serikali ilipowapokonya NPR silaha kwa madai ya kuzitumia vibaya, waliokuwa waaminifu walipokonywa pamoja na waovu. Wezi wa mifugo hawakusalimisha zao, na tulioachwa mikono mitupu ni sisi. Baadaye serikali ikageuka ikaanza kuwapa watu silaha upya, na uteuzi ukarudi kuwa ule ule wa chini kwa chini.

Halafu kuna wajane. NPR walikuwa miongoni mwa maafisa zaidi ya 40 waliouawa karibu na Baragoi, Samburu, mnamo Novemba 2012, na wengi wamekufa tangu hapo, mmoja mmoja, bila kutajwa redioni. Jirani yangu alimzika mumewe aliyeuawa akifuata ng'ombe wa watu wengine. Amezunguka ofisi nyingi akitafuta fidia, na kila mahali jibu ni kwamba marehemu alijitolea. Alipotumwa akafuate wezi hakuna aliyemkumbusha kwamba amejitolea.

Namwomba Inspekta Jenerali aamuru majina ya wanaopendekezwa yasomwe katika baraza la chifu kabla ya mtu yeyote kukabidhiwa silaha, na wananchi wapewe muda wa kupinga. Orodha hiyo, pamoja na nambari za bunduki, iwekwe kituoni mahali ambapo mzee yeyote anaweza kuiomba. Na nyinyi wabunge wa Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Laikipia na Elgeyo Marakwet, ambao hamkosi kufika mazishini, leteni Bungeni marekebisho ya kifungu cha 110 yatakayoweka wazi uteuzi, mafunzo na fidia ya watu hawa.

Msomaji wenu,
Baringo