Neno la Mhariri: Ndege za Vita na Anga ya Kusini

Vitabu vingi vinavyolinganisha ndege za vita huanza na majedwali ya kasi, kimo na uzito, kisha huamua ipi ilikuwa bora, kana kwamba zote ziliruka katika anga moja na kutumwa kazi moja. Toleo hili linapinga utaratibu huo kwa ushahidi wa pwani iliyo kati ya delta ya Rufiji na Kilwa Kivinje, ambako ndege ziliingia vitani tangu mwishoni mwa mwaka 1914, na ambako waandishi wa historia ya urubani wamepapita haraka mno.

Wepesi wa ndege kugeuka hutegemea sana kasi yake na mzigo wa bawa, yaani uzito wa ndege uliogawanywa kwa eneo la mabawa yake; kadiri mzigo huo unavyokuwa mdogo, ndivyo ndege inavyoweza kuzunguka katika duara fupi bila kuporomoka. Katika mapigano ya Afrika Mashariki ya mwaka 1940 na 1941, ndege ya Kiitalia Fiat CR.42, iliyokuwa na mabawa juu na chini, iliweza kugeuka kwa wepesi zaidi kuliko ndege za Kiingereza za Hurricane zilizorushwa na Waafrika Kusini, lakini Hurricane, kwa kuwa ilikuwa na kasi kubwa zaidi, ndiyo iliyochagua lini pambano lianze na lini liishe. Wepesi wa kugeuka, basi, humwokoa rubani anayefukuzwa, bali haumpi uwezo wa kumlazimisha adui apigane.

Hata hivyo, hesabu zote hizo huchukulia kwamba ndege imekwisha kupaa, na hapo ndipo Rufiji inapotoa fundisho zito zaidi. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika mito ya delta hiyo, Waingereza walileta kisiwani Nyororo, karibu na Mafia, mnamo Februari 1915, ndege mbili za Sopwith zenye maboya ya kuelea badala ya magurudumu, nazo zikashindwa kuondoka majini zikiwa zimebeba mabomu na mtazamaji, huku gundi iliyoshikilia mbao zake ikiachia kwa joto na unyevu. Sababu yake inaeleweka: katika nyuzi 30 za selsiasi, hewa ya usawa wa bahari huwa nyepesi kwa takriban asilimia 5 kuliko katika nyuzi 15, na upungufu huo huumiza mara tatu, kwa sababu bawa hupata hewa haba ya kulibeba, injini hupata hewa haba ya kuchomea mafuta, na rafadha hupata hewa haba ya kusukuma. Injini iliyosifiwa Ulaya ilifika kwetu ikiwa dhaifu, na hakuna jedwali la kiwandani lililoonyesha hivyo.

Kazi ya kusaidia kuiangamiza Königsberg ilikamilishwa na ndege za kawaida kabisa, Henri Farman na Caudron, zilizoruka kutoka uwanja uliosafishwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 Farman moja ilielekeza mizinga ya meli za Kiingereza, Severn na Mersey, hadi ndege yenyewe ilipopigwa, na mtazamaji akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha wakati rubani akiishusha ndege iliyokwisha kuzimika injini. Ujasiri huo unastahili heshima yake, na unaonyesha pia kwamba ndege hiyo ilithaminiwa kwa kuweza kukaa juu ya shabaha kwa utulivu.

Mfano wa ndege ya Kiingereza BE2c una uzito zaidi. Ndege hiyo iliundwa ijisawazishe yenyewe hewani, na utulivu huo uliwaua marubani wengi Ufaransa, kwa kuwa haikuweza kuikwepa Fokker ya Kijerumani, ambayo bunduki yake ya rashasha ilipiga kupitia kati ya mapanga ya rafadha. Kikosi cha 26 cha Waingereza, kilichofika Mombasa Januari 1916 kikiwa na marubani wengi wa Afrika Kusini, kilitumia BE2c hizohizo mahali ambapo Wajerumani hawakuwa na ndege hata moja ya kuzikabili, na utulivu uliokuwa kasoro ukawa faida kwa mtu aliyetaka kuchora ramani au kupiga picha. Kikosi hicho kilithamini pia Farman zenye kiunzi cha chuma, ambacho hakikupindwa na mvua za masika.

Lakini faida hiyo nayo ilikuwa na mpaka. Baada ya Kilwa Kivinje kutwaliwa na Waingereza Septemba 1916, vita vilipanda milima ya Matumbi hadi Kibata, ambako Wajerumani waliburuta mzinga mmoja ulioopolewa kutoka Königsberg, na mwezi Julai 1917 vikafika Narungombe. Chini ya miti iliyofungamana, mtazamaji aliye angani aliona kidogo, na habari za uhakika ziliendelea kuletwa na watu waendao kwa miguu, huku mafuta na vipuri vya ndege vikibebwa vichwani na wapagazi ambao hawamo katika jedwali lolote la ubora wa ndege.

Kwa hiyo makala za toleo hili zinatanguliza joto, mzigo, uwanja wa kurukia na kazi iliyokusudiwa, na kasi inakuja baadaye. Waandishi wake wameombwa pia waoneshe, kwa kila ndege, ni nani aliyeibebea mafuta na kwa umbali gani.