Mama Mzazi Apokewe na Mkunga Anayemjua

Liko jambo moja kubwa ambalo nchi yetu ina haki ya kujivunia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza wanawake 556 kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo hivyo vimeshuka hadi 104. Katika muda huo huo, akina mama wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Hayo hayakuja kwa bahati. Yameletwa na jasho la wakunga na wauguzi, la wahudumu wa afya ngazi ya jamii, la madereva wanaoamshwa usiku wa manane, na la wananchi waliochangia nguvu zao kujenga zahanati.

Lakini sifa isitulevye. Kwa miaka mingi tulimhimiza mama asijifungulie nyumbani, aje kituoni. Amekuja. Sasa ni zamu yetu kujibu swali: akishafika, anapokewa na nani? Mimi nasema apokewe na mkunga anayemjua, aliyemhudumia tangu mimba ikiwa changa, atakayekuwa naye katika uchungu, na atakayemtazama yeye na mwanawe katika siku za arobaini. Nasema pia kwamba wakunga wenyewe wana hamu ya kufanya kazi hivyo, ila utaratibu tuliowapangia hauwapi nafasi.

Hebu tuutazame utaratibu huo. Mama wa kijijini anafika kliniki asubuhi na mapema, anakaa kwenye benchi na wenzake akisubiri kuitwa. Anapimwa uzito, shinikizo la damu, wekundu wa damu na mkojo. Analala kitandani, mkunga anapima kimo cha tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Anapewa vidonge vya kuongeza damu na vya kumkinga na malaria, kadi inajazwa, anatajiwa tarehe ya kurudi. Akirudi anamkuta mkunga mwingine, na safari inayofuata mwingine tena. Siku ya uchungu anapokewa na aliye zamu. Saa ya kubadilishana zamu ikifika, aliye zamu anamkabidhi kwa mwenzake, na pengine njia bado haijafunguka yote. Mtoto anazaliwa mikononi mwa mtu ambaye mama hajui hata jina lake. Katika mlolongo huo wote huenda asiwepo hata mkunga mmoja aliyezembea. Kila mmoja ametimiza kipande chake, lakini hakuna aliyekabidhiwa mama mzima. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Atasema mtu kwamba kadi ya kliniki ipo, na kadi inabeba habari zote. Kadi ni kitu cha thamani, wala mama asiiache nyumbani. Hata hivyo ina mipaka yake. Chukua kifafa cha mimba, mmoja wa maadui wakubwa wa wajawazito. Miongoni mwa dalili za hatari ni kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe, na uso na mikono kuvimba. Sasa mkunga anayemwona mama kwa mara ya kwanza atajuaje kwamba uso ule umevimba? Anaweza kudhani ndivyo alivyoumbwa. Aliyemwona mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake, atashtuka mama akiwa bado mlangoni, na atachukua kipimo cha shinikizo la damu kabla hajamwuliza hali.

Tena yako mambo ambayo mama hayasemi mbele ya mgeni. Wanawake wetu wamelelewa kuvumilia na kustahi. Kichwa kikimgonga usiku kucha, atasema ni uchovu wa shamba. Kutokwa na uchafu ukeni ni aibu. Kipigo cha mume ni siri ya nyumba. Hofu ya chumba cha kujifungulia, kwa kuwa mtoto wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufa, ni jeraha asilotaka kulifunua mbele ya benchi zima. Mambo kama hayo husemwa kwa mtu aliyezoeleka, na mara nyingi husemwa katika hudhurio la tatu au la nne, shughuli zimekwisha, mama ameshika kitasa cha mlango anataka kutoka. Mkunga akibadilishwa kila mwezi, hudhurio la tatu huwa ni la kwanza siku zote.

Bibi zetu walilielewa hili. Huku pwani somo alimchukua mwari alipovunja ungo, akamfunda, akawa mtu wake hata baada ya ndoa. Mkunga wa jadi alikuwa mtu wa mtaa huo huo, na aliijua nyumba ya mzazi kama aijuavyo yake. Sisemi turudi huko. Mkunga wa jadi hakuwa na dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, hakuwa na chumba cha upasuaji, na wanawake wengi walipotea kwa hilo. Lakini tulipowaita akina mama hospitalini ili wapate ujuzi bora, hapakuwa na sababu ya kuwanyima kujuana na mwenye ujuzi huo. Vyote viwili vinawezekana mahali pamoja.

Na si maneno ya hisia tu. New Zealand, sheria ya mwaka 1990 iliwapa wakunga uwezo wa kumhudumia mjamzito kwa mamlaka yao wenyewe bila kusimamiwa na daktari, na huko mama huchagua mtaalamu mmoja wa kubeba dhamana ya uzazi wake. Walio wengi huchagua mkunga. Katika jiji la Melbourne, Australia, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 2,300 ambao mimba zao hazikuwa na hatari kubwa. Katika kundi lililopewa mkunga mmoja, waliojifungua kwa upasuaji walikuwa asilimia 19.4, katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 24.9. Mwaka 2024 mtandao wa wataalamu wa Cochrane ulijumlisha tafiti 17 zenye wanawake 18,533, na ukaona kwamba wanaohudumiwa na wakunga wale wale tangu mwanzo hadi mwisho hupasuliwa kwa uchache zaidi, na huridhika zaidi na huduma waliyopata.

Msomaji makini atasema hizo ni nchi za watu wenye nacho. Ni kweli, na ndiyo maana nataka tuitazame Palestina. Tangu mwaka 2013, katika Ukingo wa Magharibi, wakunga wa hospitali za serikali walianza kutoka na kwenda kwenye kliniki za vijijini, kuwahudumia wajawazito huko huko, na kuwatembelea majumbani baada ya kujifungua. Hiyo ni nchi ya vizuizi vya barabarani na ya uhaba wa kila kitu, na bado jambo likafanyika na akina mama wakaridhika. Wenzetu wa Ethiopia nao wamelijaribu katika eneo la North Shoa, na matokeo yakawa ya kutia moyo. Shirika la Afya Duniani limependekeza huduma ya namna hii tangu mwaka 2016, kwa sharti kwamba nchi iwe na mfumo imara wa ukunga.

Sasa tuwasikilize wakunga. Binti anayekwenda chuo kusomea ukunga hasukumwi na ndoto ya kujaza madaftari. Anataka kumshika mama mkono na kumwona amevuka salama. Utaratibu wa zamu unamnyima furaha hiyo. Anampokea mama asiyemjua, anamwacha kabla hajajifungua, na hapati kusikia mwisho wake ulikuwaje. Usiku mmoja anaweza kuwa na wazazi watatu katika uchungu kwa wakati mmoja, akikimbia kutoka kitanda hiki hadi kile, moyo wake ukiwa kwa huyu na mikono yake kwa yule. Tunalalamika kwamba baadhi ya wakunga wana maneno makali. Maneno makali hayana udhuru, na mama hastahili kufokewa. Lakini ni vigumu kumfokea mtu unayemjua, aliyekusimulia habari za nyumba yake, na ambaye wiki ijayo utakaa kwenye mkeka wake ukimpima mtoto. Huko huko Melbourne ilionekana kwamba wakunga waliokuwa na wanawake wao maalumu walichoka moyo kidogo kuliko wenzao wa zamu. Kazi haikupungua uzito, ila ilikuwa na maana zaidi.

Hoja nzito ya kupinga ni uhaba wa wakunga, nami siipuuzi. Ripoti ya hali ya ukunga duniani ya mwaka 2021 ilisema dunia inapungukiwa wakunga wapatao 900,000, na Afrika ndiyo inayoumia zaidi. Uingereza yenyewe ina somo kwa ajili yetu. Mwaka 2016 ripoti ya kitaifa huko ilihimiza kila mama awe na mkunga anayemjua, malengo yakawekwa. Lakini Septemba 2022 wasimamizi wa huduma ya afya ya taifa walilazimika kuyaondoa malengo hayo kwa sababu wakunga walikuwa hawatoshi. Walitaka jambo jema litendeke kwa amri, bila kuongeza mikono. Sisi tusikosee hapo. Kumwongezea mkunga aliyekwisha kuelemewa jukumu la kupigiwa simu usiku, bila mwenza, bila posho na bila siku ya kupumzika, ni kumdhulumu, na baada ya mwaka mmoja ataacha kazi.

Basi tuanze padogo, na tuanze vizuri. Mfumo wa M-Mama, unaomfikisha mzazi hospitalini kwa dharura kwa kupiga 115, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini. Huduma ya mkunga mmoja kwa mama mmoja ipite njia hiyo hiyo. Halmashauri ichague kituo cha afya kimoja na zahanati zinazokizunguka. Wakunga wapangwe wawili wawili, kila mmoja na orodha yake ya wajawazito, na kila mama amfahamu mkunga wake pamoja na mwenza wake, ili mmoja akiwa mapumzikoni mama asikute mgeni. Tarehe za kliniki zipangwe kwa kumfuata mkunga. Mama akipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, mkunga wake awapigie simu wanaompokea, na inapowezekana amsindikize. Baada ya kujifungua, amwone katika siku tatu za mwanzo, katika wiki ya pili, na katika wiki ya sita. Pawepo fedha ya simu na usafiri, na orodha ya kila mkunga iwe na kikomo, nacho kisipitwe kwa kisingizio chochote.

Nawageukia wahusika mmoja mmoja. Wizara, iajiri wakunga waliohitimu ambao wako mitaani bila kazi, na iache kuwahamishia wodi nyingine kila pengo linapotokea. Wakuu wa vyuo, wamfanye kila mwanafunzi awafuate wajawazito wachache tangu kliniki hadi mwisho wa arobaini, ili atoke chuoni akiwa amekwisha kuionja kazi hiyo. Waganga wafawidhi, hata kabla fedha haijaja, wapange ratiba ili mama ahudumiwe tena na mkunga aliyemwona mwezi uliopita. Hilo halidai shilingi. Akina baba, wasindikizeni wake zenu kliniki, mumfahamu mkunga na mkunga awafahamu. Nanyi wakunga, semeni hamu yenu waziwazi kupitia chama chenu na katika vikao vya bajeti, kwa takwimu za vituo vyenu, wala msingoje Siku ya Wakunga Duniani, tarehe 5 Mei, ifike ndipo mkumbukwe kwa maandamano na fulana.

Wajumbe wa baraza la madiwani mnaosoma makala haya, bajeti ijayo iko mbele yenu. Tengeni fungu la kituo kimoja na wakunga wanne. Pimeni matokeo baada ya mwaka, mtuambie kwa uwazi mmeona nini. Tulipata nguvu ya kumleta mama kituoni. Hatuwezi kushindwa kumpa mtu mmoja anayemjua kwa jina.