Hola Ni Mbali

Mto Tana ukifura, sisi wa Hewani hatungoji kikao. Tunapandisha mbuzi, mbegu na wazee mahali palipoinuka, kisha ndipo tunaanza kuulizana: hili tuta lilikuwa kazi ya nani?

Niliwahi kubeba ombi la kuzibua mfereji hadi ofisi moja ya umma. Nikaambiwa niende nyingine. Ya pili ikanirudisha ya kwanza. Nauli ikaisha, mfereji ukabaki vile vile.

Eti ugatuzi umeleta serikali mlangoni. Mlango wa nani? Mabaraza ya zamani yalikufa, na tangu uchaguzi wa 2013 chini ya Nairobi kuna ngazi moja tu: kaunti, makao yake Hola. Wadi tunaipigia kura, lakini wadi si serikali. Mwakilishi wetu anaketi kwenye bunge la kaunti. Huku nyumbani hana baraza la kukaa nalo. Chifu, ambaye ndiye tunayemgongea usiku, ni mtu wa serikali kuu.

Siililii County Council. Bajeti na sheria zake ndogo zilingoja idhini ya waziri Nairobi. Tena ngazi moja ina faida yake: mishahara michache, na lawama inajua pa kwenda.

Utaniambia sheria ya kaunti ya 2012 inataja baraza la kijiji. Kweli. Isome basi. Mwenyekiti ni msimamizi, mwajiriwa wa kaunti. Wazee ni 3 hadi 5. Kazi yao ni kuratibu, kufuatilia na kushauri. Kushauri! Gasa ya wazee wetu Wapokomo iliamua mambo ya ardhi na ugomvi, haikushauri tu.

Vuka mpaka uingie Tanzania. Sheria ya 1982 inakipa kijiji halmashauri ya kuchaguliwa, mkutano mkuu wa watu wazima wote, na uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wana shida zao, sikatai, lakini kijiji chao kinatambulika kisheria.

Ninachodai ni kidogo. Baraza la Hewani lichaguliwe na Hewani, vijana na akina mama wakiwemo, na fedha za mradi wa hapa zisilipwe bila sahihi yake. Kaunti ibaki na hospitali na barabara zake. Tuta tuachieni sisi. Maji yakija, hayaanzii Hola.