Kizuri Chajiuza kwa Aliyekiona

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno haya ni ya kweli penye soko la macho, ambapo mnunuzi huishika karafuu mkononi, akaivunja, akainusa, akajua. Lakini mnunuzi wa mdalasini wetu, wa sabuni ya karafuu, au mgeni atakaye kutembezwa shambani, siku hizi hayuko mbele yetu. Yuko Muscat, au Nairobi, au Hamburg, na simu i mkononi mwake. Yeye huiuliza simu, nayo humjibu. Asiyetajwa katika jibu lile, kwa mnunuzi yule ni kama hayupo duniani. Basi twaona wakati umefika wa kulizungumza jambo hili waziwazi, kwani lagusa mfuko wa kila mwanachama.

Kwanza tuondoe shaka moja. Karafuu kavu zina sheria zake na njia yake ya kuuzwa, na hizo sizo tunazozisema hapa. Twasema juu ya yale mengine ambayo wanachama wameyaanza kwa jasho lao: viungo vya pakiti, sabuni, mafuta ya kupaka, asali, vyumba vya wageni, na matembezi ya mashambani. Wengi wamefungua tovuti, yaani kurasa zao katika intaneti, wakalipa fundi, wakangoja wateja. Wateja hawakuja. Sasa husikika barazani wakisema kuwa intaneti ni ya wakubwa, na kwamba sisi tumetengwa na bahari.

Kwa sababu ya neno hilo la kutengwa, tumechagua kutoa mfano wa mahali palipo mbali zaidi kuliko sisi. Twaomba msomaji afuatane nasi mpaka Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, huko magharibi ya Tanzania Bara. Mtu wa Mpanda hana jahazi la kumpeleka Mombasa. Aendaye huko kwa reli kutoka Dar es Salaam hupita Tabora, akafika Kaliua, kisha akashika tawi la reli lishukalo kusini. Tawi hilo lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Na kama sisi tulivyo na karafuu, wao wana asali. Misitu ya miyombo imewazunguka, na huko Inyonga, Wilaya ya Mlele, kurina asali ni kazi ya asili, kwa mizinga ya magogo na ya magome. Iko pia asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo wanaoijua huitafuta kwa dawa.

Haya, tumfikirie mtu mmoja wa Mpanda mwenye duka la asali. Amefungua tovuti. Juu ameandika jina la duka, katikati ameweka picha kubwa ya chupa, na chini pana maneno haya: karibuni sana, tunauza bidhaa bora kwa bei nafuu. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaandika katika simu yake: asali ya nyuki wadogo Katavi. Je, mtu wetu atatokea? Hatatokea, na wala hapana aliyemfanyia hila. Sababu ni kwamba hakuandika asali, wala nyuki wadogo, wala Katavi. Ameandika bidhaa bora, maneno ambayo muuza misumari naye ameyaandika.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa tujue mashine ya kutafutia inavyofanya kazi. Watu hudhani kuwa mtu akiuliza, Google hukimbia duniani kote dakika ile ile kutafuta. Sivyo. Kazi imekwisha fanywa kabla. Kwanza, hupeleka programu ambazo mafundi wamezifananisha na buibui, nazo hupita ukurasa hata ukurasa kwa kufuata njia zinazoziunganisha, zikisoma yaliyoandikwa. Pili, yaliyosomwa hutiwa katika faharasa, nayo ni daftari kubwa mno lililopangwa kwa maneno: neno asali limo katika kurasa hizi, neno Inyonga limo katika kurasa zile. Tatu, mtu anapouliza, mashine hulifungua daftari lake, ikachagua kurasa zielekeazo kujibu, ikazipanga kwa daraja.

Sisi watu wa karafuu mpango huu si mgeni kwetu. Mchumaji hupita mikarafuu, kisha karafuu huchambuliwa, zikaanikwa, zikatiwa maguniani, na mwisho hupimwa na kupewa daraja. Karafuu iliyobaki mtini haipewi daraja lolote, hata ikiwa nzuri namna gani. Vivyo hivyo ukurasa usiosomwa na buibui haumo daftarini, na usiomo daftarini hautapangwa.

Daraja lenyewe hutolewaje? Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Fikra yao kubwa ilikuwa hii: ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine zenye heshima wastahili kuaminiwa zaidi. Leo mambo yatazamwayo ni mengi, lakini fikra hiyo ingaliko. Njia hizo za kuelekeza kwa Kiswahili zaitwa viungo, jina lile lile la hiliki na mdalasini wetu. Mchuzi usio na viungo humshinda mlaji, na tovuti isiyo na viungo humpita mtafutaji.

Sasa turudi kwa muuza asali wetu tumwangalie katika jambo la majina, kwani hapa ndipo wengi wanapopotea. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa, na maandishi ya zamani bado yasema hivyo. Tena iko Mpanda nyingine nchini Burundi. Na neno Katavi likiandikwa peke yake, mashine hudhani mtu ataka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, basi humletea viboko, nyati na makampuni ya safari. Muuza asali hawezi kushindana na viboko kwa neno moja. Lakini akiandika waziwazi, asali ya miyombo kutoka Inyonga, Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi, Tanzania, ameingia katika uwanja wenye watu wachache, na watu hao wote wanatafuta kile alicho nacho.

Mwanachama aliyeko Wete atasema, hayo ni ya Mpanda. La, ni yetu khasa. Neno Zanzibar likiandikwa peke yake huleta fukwe na mahoteli. Neno Pemba ni jina la mji wa Msumbiji pia, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado. Mtu aandikaye Pemba tu, bila ya kutaja Zanzibar na Tanzania, aweza kumpeleka mgeni wake nchi nyingine. Sharti tutaje kisiwa, wilaya na shehia, na kitu chenyewe kwa jina lake. Tena tutaje kwa lugha ya anayenunua: Kiswahili kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa, Kiingereza kwa wa Ulaya, na Kiarabu kwa wa Oman na Ghuba. Wala mtu asiidharau lugha yetu. Kurasa nzuri za Kiswahili ni chache kuliko za Kiingereza, basi aandikaye vizuri kwa Kiswahili hupata nafasi iliyo wazi.

Aandike nini? Aandike yale ambayo mnunuzi huuliza kwa mdomo. Ni kitu gani? Chatoka shamba lipi? Kimevunwa lini na kukaushwa vipi? Pakiti ina uzito gani? Hutumwaje, na malipo hupokewaje? Nani wa kuzungumza naye? Maneno hayo yawe maandishi, yasiwe yamefichwa ndani ya picha, na kila jambo kubwa lipewe ukurasa wake na kichwa chake. Na ukurasa uwe mwepesi, kwani wengi huutazama kwa simu penye mtandao wa kusuasua. Nayo Google kwa miaka ya karibuni hutumia zaidi ukurasa ule uonekanao katika simu.

Mwenye duka au nyumba ya wageni ana jambo jingine la kufanya, nalo halina malipo: kuiandikisha biashara yake katika ramani ya Google, mahali ilipo, saa za kufungua, na simu. Huko hutazamwa mambo matatu: kama biashara yalingana na kilichoulizwa, umbali wake na anayeuliza, na umashuhuri wake. Google yenyewe yasema kuwa nafasi katika orodha hiyo hainunuliwi. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo huwekwa alama kuwa yamelipiwa, na fedha zikikoma nayo hukoma.

Hapa twataka kuwaonya wanachama. Wanazunguka watu wasemao: nipe fedha nikuweke wa kwanza katika Google. Hapana mtu wa nje awezaye kuahidi hivyo kwa haki. Baadhi yao hununua viungo vya uongo, au hurudia neno moja mara mia katika ukurasa. Mashine hutambua hila hizo na huweza kuushusha ukurasa au kuutoa kabisa. Ni sawa na kuchanganya makonyo ndani ya gunia ili uzito uzidi. Karani akiyaona, gunia zima lapoteza daraja. Na jambo kubwa zaidi: anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si kwa jina la fundi. Anwani za .tz husajiliwa kwa mawakala. Mwanachama na ahakikishe kuwa hati ni yake na siri ya kuingilia anayo. Asiye na hati ya shamba amejenga katika kiambo cha mtu.

Wako wasemao kuwa WhatsApp na Instagram zatosha. Sisi hatuzipingi, maana zafaa kwa mteja ambaye amekwisha kujua. Walakini mazungumzo ya WhatsApp hayasomwi na buibui wa Google, na mgeni ambaye hajapata kulisikia jina lako hatakukuta humo. Wengine wasema kuwa sasa watu huziuliza mashine za akili bandia, na kurasa hazina kazi tena. Mashine hizo nazo hutegemea yaliyoandikwa. Kama khabari za shamba lako hazikuandikwa popote, itamjibu mgeni kwa maneno ya mtu mwingine.

Na hapo ndipo penye uzito wa neno letu. Jina la Zanzibar na karafuu zake lajulikana duniani tangu zamani. Hatuna haja ya kulitangaza upya. Swali ni nani asimamaye chini ya jina hilo mnunuzi anapolitafuta. Kampuni ya mbali ambayo haijapata kuuona mkarafuu, ikiandika vizuri, itatangulia, nasi tutaiuzia kwa bei yake au tutakatwa fungu kwa kila mgeni inayemleta. Muuza asali wa Mpanda yumo katika hatari ile ile: asali yaweza kutoka Inyonga kwa madebe bila ya jina, ikapata jina na faida mjini.

Basi rai yetu ni hii. Chama kifungue ukurasa mmoja wa orodha kabla ya mavuno yajayo, uliopangwa kwa wilaya na shehia, wenye jina la kila mwanachama auzaye kitu halali, kitu chenyewe, na kiungo cha kumwelekeza mnunuzi kwake. Kila mwanachama naye aandike ukurasa wake kwa kweli na kwa ukamilifu, na aelekeze kwa Chama. Fedha ambazo tungewapa waahidi wa nafasi ya kwanza zitumike kumfundisha kijana mmoja wa kila wilaya kuzitunza kurasa hizo, na kutazama katika Search Console ya Google, isiyo na malipo, ni maneno gani watu wanayatumia hata wakatufikia.

Kazi hii haileti matunda kwa siku moja. Buibui huchukua siku au majuma kupita, na heshima hujengwa kwa miezi. Lakini aliyepanda mkarafuu hahitaji kufundishwa subira. Twawaomba wanachama wailete rai hii katika mikutano ya matawi yao, waipime, waongeze na wapunguze, ili mkutano mkuu uikute tayari imekwisha iva.