Tetemeko Haliui, Nyumba Ndiyo Inaua

Kila nikiongea hapa kuhusu tetemeko la ardhi, lazima mtu aseme, "Hayo ni ya Japani, buda." Sawa. Januari 1928, Subukia, hapo tu Nakuru, ilitikiswa na tetemeko la karibu 6.9. Tuko na Bonde la Ufa katikati ya nchi alafu tunajifanya wageni.

Sikiza. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Walikufa zaidi ya laki moja. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati mara 500 hivi. Walikufa kama 500. Ndio, la Haiti lilikuwa karibu sana na jiji kuu. Lakini Chile wana sheria kali za ujenzi, na wanazifuata.

Sisi je? Huruma, Aprili 2016, jengo lilianguka likaua karibu watu 50. Hakukuwa na tetemeko. Ilikuwa mvua. Sasa ardhi ikitikisika?

Na dawa inajulikana. Vyuma vya nguzo hufungwa kwa ringi. Karibu na sakafu na dari, ringi zinafaa zikaribiane, na ncha zikunjwe digrii 135 ziingie ndani ya zege, zisifunguke jengo likiyumba. Mwenye jengo mchoyo anaruka hizo ringi kwanza, juu hakuna mpangaji ataziona. Alafu chini anaacha wazi kwa sababu ya maduka, nguzo tupu zimebeba ghorofa saba.

Kwa hivyo wewe wa sekondari, usidanganywe eti hii ni kazi ya wenye A peke yao. Mwanajiolojia anasoma ardhi. Injinia anapiga hesabu na kuchora. Lakini ile digrii 135 inakunjwa na fundi wa vyuma, na hiyo unasomea chuo cha ufundi. Mchoro wa injinia bila huyo fundi ni karatasi tu.

Niliacha chuo, na najua wenzangu wa kontenti hupenda kusema masomo ni utapeli. Kwa hii, hapana. Nguzo haijali una laiki ngapi.

Na nyinyi wazazi, mtoto akisema anataka kusomea ujenzi, msimcheke eti "kazi ya mjengo." Kila usiku mnalala ndani ya kazi ya mjengo ya mtu. Ombeni awe alisoma.