Utamu Hauko Kwenye Kioo

Baadhi ya amplifaya ndogo zinazouzwa mtandaoni kwa jina la valvu huficha jambo chini ya vioo vyake. Chomoa valvu, kisha chungulia soketi: katikati kuna kitundu, na ndani yake taa ya LED ya rangi ya machungwa inayoendelea kuwaka hata valvu ikiwa imelala mezani. Imewekwa hapo kwa sababu nyuzi za valvu ndogo huwaka kwa unyonge, na mteja aliyelipia mng'ao anataka kuuona. Sauti yenyewe inasukumwa kwenye spika na chipu iliyobanwa kwenye bati la kupoozea joto upande wa pili wa boksi.

Anayetengeneza kitu cha namna hiyo anamjua mnunuzi wake vizuri kuliko mnunuzi anavyojijua. Anajua kwamba mpenda muziki wa kawaida ameshaamini kuwa valvu, kwa sababu tu ni valvu, hutoa sauti tamu, nene, yenye joto; na kwamba transista, kwa sababu tu ni transista, hutoa sauti kavu inayochosha masikio. Imani hiyo hurudiwa na wauzaji, wapiga gitaa, waandishi wa majarida, hata mafundi waliozeeka na chuma cha kulehemu mkononi. Haina msingi. Sauti ya amplifaya hutokana na saketi iliyochorwa, transfoma iliyosukwa, na namna vyote viwili vinavyopatana na spika. Kifaa kinachokuza mkondo, kiwe cha kioo au cha silikoni, hufuata amri ya aliyechora.

Jaribio lililopaswa kumaliza ubishi lilifanyika Uingereza zamani sana. Mwaka 1978 jarida la Wireless World lilichapisha makala ya mhandisi James Moir kuhusu amplifaya tatu za kampuni moja, Quad ya mji wa Huntingdon. Ya kwanza ilikuwa Quad II, ya valvu, iliyoingia sokoni mwaka 1953 ikiwa na wati 15. Ya pili ni 303 ya mwaka 1967, ya transista. Ya tatu ni 405 ya mwaka 1975, nayo ya transista, wati 100 kila upande. Wasikilizaji waliwekewa muziki bila kuambiwa ni ipi inayopiga. Hawakuweza kuzitofautisha vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Mwaka 1987 jarida la Stereo Review la Marekani lilirudia zoezi la aina hiyo kwa kuchanganya risiva ya Pioneer ya dola 220 hivi na jozi ya amplifaya za valvu za dola 12,000, na matokeo yakawa yale yale. Watetezi wa valvu walijibu kwamba jaribio la kufichwa humchosha msikilizaji na kumnyima utulivu. Ajabu ni kwamba utulivu huo humrudia mara tu anapoonyeshwa kilichomo ndani ya boksi.

Basi imani ilitoka wapi? Haikuzuka hewani, na hapa wanaodai kwamba kila anayependa valvu anaota ndoto za mchana nao wanakosea.

Transista ilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, Desemba 1947, lakini zile za mwanzo zilizoingia kwenye vifaa vya muziki zilikuwa na kasoro za kweli. Za jemaniamu zilichukia joto: zikipata moto hupitisha mkondo zaidi, mkondo ukizidi moto huzidi, mpaka zinaungua. Silikoni ilipokuja ilipunguza sana balaa hilo, ila kwa muda mrefu wahandisi hawakuwa na transista kubwa za aina ya PNP zinazolingana na zile za aina pacha, NPN. Mwaka 1956 H. C. Lin wa RCA alikuwa ameshabuni saketi ya kukwepa tatizo, akatumia transista za aina moja pande zote mbili za mlango wa kutokea, na kwa miaka kadhaa karibu kila kiwanda kilipita njia hiyo.

Hapo ndipo sauti ilipoharibika. Katika amplifaya nyingi, transista moja husukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Transista ya silikoni haifunguki mpaka ipate kama volti 0.6. Saketi isipotegeshwa vizuri, kijiti hudondoka kila wimbi linapopita sifuri. Kosa hilo halipungui muziki unapopunguzwa, kwa hiyo sauti ikiwa kubwa linafunikwa, na sauti ikiwa ndogo linatawala. Amplifaya ya valvu iliyochorwa kwa kawaida hufanya kinyume: makosa yake hukua pamoja na sauti. Sasa fikiria mnunuzi wa miaka ya 1960. Karatasi ya kiwanda inamwambia upotoshaji ni mdogo kwenye wati 30. Yeye usiku, watoto wamelala, anasikiliza kwa nusu wati, mahali ambapo amplifaya yake mpya ni mbovu kuliko ile ya valvu aliyoiuza. Masikio yake yalimwambia kweli. Lakini kilichomkera ni uchoraji mbaya, na uchoraji huo ulirekebishwa katika miaka ya 1970, transista zinazolingana zilipopatikana na wahandisi walipojifunza kutegesha mkondo wa kusubiria. Chipu kama LM3886, ambayo wapenzi wa kujiundia hupenda kuianzia, hutoa wati 60 hivi ikiwa na upotoshaji wa kiasi cha asilimia 0.03. Malalamiko ya miaka ya 1960 bado yanasomwa dhidi yake kama hati ya mashtaka ambayo mshtakiwa wake alishafariki.

Imani ilipata mhimili mwingine mwaka 1973, Russell Hamm alipochapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti makala iliyolinganisha valvu na transista. Alipima vikuza sauti vya maikrofoni studioni, na alivipima vikiwa vimezidiwa nguvu: sauti kubwa kuliko uwezo wake ikisukumwa mlangoni. Katika hali hiyo valvu zilizaa sauti za ziada zinazokubalika zaidi masikioni. Ni matokeo halali kwa studio ambamo mpiga ngoma humshtukiza fundi mitambo. Lakini makala hiyo imetajwa mara nyingi kuthibitisha habari za amplifaya ya sebuleni, ambayo mwenye nayo akiifikisha mahali pa kuzidiwa, majirani watakuwa wameshagonga mlango.

Gitaa ni habari nyingine. Jim Marshall na mafundi wake walipotengeneza amplifaya ya JTM45 jijini London mnamo 1962, wakifuata saketi ya Bassman ya Fender, walikuwa wanaunda sehemu ya chombo cha muziki. Amplifaya ya gitaa hutakiwa kukwaruza, na namna inavyokwaruza ndiyo thamani yake. Hata huko, hata hivyo, imani inachechemea. B. B. King, mtu ambaye sauti yake ya gitaa imeigwa duniani kote, kwa miaka mingi alipiga kupitia Lab Series L5, amplifaya ya transista tupu. Roland JC-120 ya mwaka 1975, nayo ya transista, imebaki jukwaani mpaka leo. Na vikuza sauti vya maikrofoni vya Rupert Neve, kama 1073 ya mwaka 1970, ambavyo mafundi wa studio huvitaja kwanza wakiulizwa sauti yenye joto ni ipi, havina hata valvu moja. Vina transista, mojawapo ikiwa 2N3055 inayopatikana kwenye makopo ya fundi yeyote wa zamani, na transfoma nzuri.

Kinachosikika sebuleni kwa kweli, pale tofauti inaposikika, kina jina na kinapimika: ukinzani wa mlango wa kutokea. Chukua amplifaya ya valvu moja ya 300B, ile iliyotolewa na Western Electric miaka ya 1930 na ambayo sasa inaabudiwa. Bila mrejesho, yaani bila sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa mwanzoni ili isahihishe makosa, mlango wake una ukinzani wa omu 2 hadi 3. Spika, kwa upande wake, haina omu 8 ilivyoandikwa mgongoni. Inaweza kuwa na omu 4 kwenye sehemu fulani ya masafa na omu 20 kwenye besi, pale koni inapotikisika kwa mdundo wake wa asili. Piga hesabu kwa omu 2.5 mlangoni: kwenye omu 20 spika inapata volti nyingi zaidi, na pengo kati ya sehemu hizo mbili linafika desibeli 3 hivi. Amplifaya ya transista yenye ukinzani wa omu 0.05, kwenye spika hiyo hiyo, haifiki pengo la desibeli 0.1. Msikilizaji wa 300B anasikia besi iliyonyanyuliwa na masafa ya kati yaliyopindwa kidogo, anaita joto. Amebadilishiwa toni. Angeweza kuipata kwa kugeuza kitasa, kama watengenezaji wa amplifaya za bei mbaya wasingekuwa wameviondoa vitasa vya toni kwa kuviona uchafu.

Mtengenezaji wa amplifaya Bob Carver alilithibitisha hilo mwaka 1985. Alidai mbele ya jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike sawa na amplifaya yoyote ya bei ghali ambayo wangemchagulia. Wakamchagulia moja ya valvu. Kwa siku chache huko Santa Fe, Marekani, aliziunga zote mbili kwenye spika, akasikiliza tofauti kati ya matokeo yake, akabadilisha vipande mpaka tofauti hiyo ikakaribia ukimya. Wahariri walishindwa kuzitenganisha. Baadaye jarida na Carver waligombana kuhusu kama amplifaya zilizotoka kiwandani zililingana na ile aliyoirekebisha kwa mkono, na ugomvi huo una maana yake, lakini hauligusi suala lenyewe: sauti ya valvu ilitoka kwenye boksi lisilo na valvu.

Cha kusikitisha zaidi ni jinsi imani hii inavyowatukana mabingwa wa valvu wenyewe. D. T. N. Williamson, alipochapisha saketi yake katika Wireless World mwaka 1947, hakuwa anatafuta joto lolote. Alitumia valvu za KT66 na mrejesho hasi wa desibeli 20 kupata wati 15 zenye upotoshaji usiozidi asilimia 0.1. Harold Leak alikuwa ameshaziita amplifaya zake Point One kwa sababu ya tarakimu hiyo hiyo. Walitaka amplifaya isiyosikika, na ndiyo maana Quad II haikutofautishwa na wajukuu zake wa transista. Hata mrejesho hasi, unaolaumiwa kwenye mabaraza ya wapenzi wa valvu kama dhambi ya transista, ulibuniwa kwa ajili ya valvu. Harold Black wa maabara za Bell aliupata asubuhi ya Agosti 2, 1927, akiwa kwenye pantoni akivuka mto Hudson kwenda kazini, akauchora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Transista ilikuwa bado miaka ishirini mbele.

Hakuna ubaya wa kuunda amplifaya ya valvu. Saketi yake ina vipande vichache, unaweza kuifuata kwa macho, na anayejifunza ataelewa mengi kwa wikendi mbili. Ila ajue anachokilipia. Fedha nyingi, na uzito mwingi, viko kwenye transfoma ya kutolea sauti. Msuko ukiwa wa ovyo, valvu za Slovakia, za Urusi au za China zitasikika vibaya kwa usawa. Na ajue hatari: ndani ya chasisi mna volti 300 hadi 450, na kapasita hubaki na umeme huo baada ya plagi kuchomolewa. Fundi wa Kariakoo au Luthuli aliyezoea kugusagusa bodi ya chipu ya TDA2030 kwa kidole akisikiliza inavyonguruma, hapa atakufa.

Anayebisha ana njia rahisi ya kujaribu, kwa bei ya soda. Anunue rezista mbili za omu 2.7, wati 10, aziunge mfululizo na spika zake, moja kila upande, kwenye amplifaya ya kawaida ya transista. Kwenye spika ya omu 8, sauti itashuka desibeli 2.5 hivi, kwa hiyo apige toni ya hezi 400, aweke mita kwenye ncha za spika na kurudisha volti zilipokuwa, maana sauti iliyo kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora kila mara. Kisha amwite mtu mwingine awe anaziingiza rezista na kuziruka bila kumwambia. Spika za njia mbili zenye tundu la besi zitaonyesha tofauti wazi kuliko zile ambazo ukinzani wake umetulizwa. Besi ikijaa na sauti za waimbaji zikilainika, jina la kitu anachokisikia limeandikwa ubavuni mwa rezista.